Kona ya Krummel

Mtu akikuuliza Barabara Mia na Nane inakwenda wapi, mwambie haiendi, inazungukazunguka tu. Inaanzia njia panda ya Orrin, pale penye kituo cha mafuta kilichofungwa, inakwenda vizuri kama mtu mwenye akili zake mpaka makaburi ya Walutheri. Hapo inakata kulia ghafla, kwa sababu zamani kulikuwa na ua wa mtu asiyetaka kuguswa. Halafu inakata kushoto kwenye maghala ya Loyd Haskins, inapanda kilima, inashuka kilima, inakuja kuizunguka nyumba yetu kwa kona moja kubwa, kisha inateremka mtoni. Mtoni kulikuwa na daraja. Maji yalilichukua nikiwa msichana, na jimbo likaweka kibao kwamba barabara yake imeishia hapo. Hawakusema zaidi, na kwa kweli hakuna zaidi.

Kona yetu watu huiita Kona ya Krummel, jina la mume wangu. Wapimaji wa kwanza walitaka kupitisha barabara katikati ya miti ya tufaha ya babu yake Dorsey. Mzee yule akatoka na ndoo ya makombo ya nguruwe, akaigeuza, akaikalia palepale walipochomeka vigingi vyao, na hakuondoka mpaka wakachoka wao. Basi wakazunguka. Kila nyumba ya Mia na Nane ina kisa cha namna hiyo, ndiyo maana gari likipita juu yake utadhani dereva kalewa. Akina Krummel wanajivunia kona ile utafikiri walipewa medali. Mimi niliyeolewa tu humo niliona faida yake moja: wakati wa barafu magari yalikuwa yakitumbukia mtaroni kwetu, Dorsey anatoka na trekta kuyavuta, na mimi natoka na kahawa. Tulijuana na watu wengi kwa njia hiyo.

Hayo ni ya zamani. Sasa Dorsey havuti kitu. Figo zake zote mbili zimeshindwa kusafisha damu, mkojo tu ndio bado unatoka, na mguu mmoja walimkata kwa sababu ya sukari. Mara tatu kwa wiki hupelekwa Weldon hospitalini kusafishwa damu, na akikosa mara mbili mfululizo, tutamzika. Mimi siwezi kumpeleka. Macho yangu yameingia ukungu katikati, naona pembeni tu. Nikitaka kukuona vizuri nakutazama sikio. Daktari alininyang'anya usukani, na alifanya vyema, maana nilikuwa nimeshagonga sanduku la barua la Twyla Haskins na bata wake wawili.

Kwa hiyo tunategemea gari la wagonjwa. Dereva wake ni Gaylen, mtu mnene mpole, anayepiga honi kabla hajafika kwenye kona ili nijue kumvalisha Dorsey kofia. Gari lina lifti ya umeme ya kupandisha kiti cha magurudumu, imening'inia chini chini, na kampuni yao ina amri moja tu isiyovunjwa: gari halitoki kwenye lami. Changarawe ziliwahi kuharibu lifti mbili, wakasema basi, imetosha. Palipo na lami wanakuja. Palipoishia lami, jitegemee mwenyewe.

Sasa umeelewa. Lami ya Mia na Nane ndiyo iliyokuwa ikimweka Dorsey Krummel katika nyumba ya babu yake. Hakuna kingine.

Naye kwenye nyumba ile hatoki. Binti yetu yuko mbali, kila Krismasi anaimba wimbo uleule: hamieni Weldon, kuna vyumba vya wazee mkabala na hospitali, vina milango mipana, vina bafu la kuingia na kiti, kuna wauguzi wa kumnyanyua. Dorsey anamjibu hivi: "Mimi hapa nitatolewa maiti, miguu mbele." Kisha anaongeza, "Muulize mama yako." Na mimi nasema, "Baba yako ameshasema." Mke wa mkulima huku kwetu ndivyo anavyosema. Hakuna aliyewahi kunifundisha, na hakuna aliyewahi kunifundisha jingine.

Lakini wewe nakuambia. Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona, la. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa inauma nikiwa nimekaa. Dorsey ni mtu mkubwa, hata baada ya kupungua mguu. Kumtoa kitandani mimi, kumweka kitini mimi, choo mimi, bafu mimi. Siku alipoteleza bafuni tulilala chini wote wawili sakafuni mpaka Gaylen alipokuja kupiga honi. Watu wakinikuta kanisani wananishika bega: "Ardith, wewe mwanamke wa chuma." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Laiti wangejua jinsi nilivyokuwa nikiogopa sauti yake akiniita tu.

Mwaka jana, kabla ya mavuno, jimbo likatuita mkutanoni katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Tulikwenda wote, kila mtu na chakula chake, maana huku hata ukiitwa kusomewa hukumu unakwenda na sufuria. Bwana mmoja wa idara ya barabara akasimama akatueleza, kwa adabu, kwamba jimbo lina barabara nyingi na lami ni ghali. Barabara zisizo na magari zitarudishwa kwa kaunti. Tukajua maana yake. Kaunti yetu haina hata pesa ya kununulia lami. Ikikabidhiwa barabara, inakuja na mashine, inabandua lami yote, inamwaga changarawe, na hayo ndiyo mazishi.

"Mtajuaje kama haina magari?" Loyd Haskins akauliza. Loyd ndiye jirani yetu, mwenye maghala, mtu wa sauti kubwa na tumbo kubwa zaidi.

"Tutahesabu, bwana. Tutatandaza bomba la mpira barabarani, kila gurudumu likipita linahesabiwa."

"Na ng'ombe wangu wakipita?"

"Ng'ombe hawana magurudumu, bwana."

"Wa kwako hawana," akasema Loyd. "Wa kwangu hujawaona." Watu wakacheka. Dorsey hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kiti chake, anachezea ukosi wa shati, na meza nzima ilikuwa ikijitahidi kutomtazama. Kila mtu mle ndani alijua amri ya gari la Gaylen.

Hakuna aliyesimama akasema tumsaidie Dorsey. Huku kwetu mtu hasemi hivyo; ukimwambia mtu nitakusaidia, umemwaibisha. Unafanya tu, halafu unajidai ulikuwa unapita. Ghala la mtu likiungua, asubuhi atakuta watu ishirini wenye misumeno, kila mmoja anaapa alikuwa anakwenda dukani.

Bomba likaja wakati wa mavuno. Vijana wa idara walilipigilia misumari huku na huku, hatua chache kabla ya nyumba yetu, wakafunga kisanduku chake kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibao cha kona, wakaenda zao. Niliwapa kahawa. Nikiwa jikoni nilisikia likilia kila gari lilipopita, tak-tak, kama mtu anayebisha hodi mwenye aibu. Siku ile ya kwanza lilibisha kidogo sana. Dorsey alikaa dirishani analisikiliza, na mimi namsikiliza yeye akilisikiliza.

Kesho yake Loyd akapita na lori la nafaka. Tak-tak-tak-tak. Akateremka mpaka kwenye kibao cha mtoni, akageuza, akarudi. Tak-tak-tak-tak. Akainua kidole kimoja juu ya usukani, ndiyo salamu yetu. Hatujakaa sawa, huyo anakuja tena.

"Huyu amepotea?" nikasema.

"Loyd amezaliwa kwenye barabara hii," akasema Dorsey. "Lori lenyewe tupu. Sikiliza linavyorukaruka."

Baada ya Loyd wakaja ndugu zake wawili na malori yao. Halafu gari la zimamoto la wanakijiji, wamevaa na kofia kabisa, kwenda kuzima moto mtoni kwenye maji. Halafu basi la shule, likiwa halina mtoto hata mmoja. Twyla Haskins akapita na gari dogo, nyuma kapakia kwaya yote ya akina mama. Wakashuka kwenye kibao, wakaimba ubeti mmoja, wakapanda wakarudi. Mchungaji alipita. Mtu wa gesi alipita, na gesi tulikuwa tumejaza. Watu ambao hawakusemezana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba walipishana pale kwenye kona yetu na kuinuliana vidole.

Dorsey alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mguu ukatwe. Gaylen alipokuja kumchukua, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dorsey, una haraka ya kufika?" Kisha akapita juu ya bomba, akarudi nyuma, akapita tena, akarudi nyuma, na Dorsey mle ndani akipiga kofi kwenye paja lake zima. "Mrudishe hata usiku, usijali!" nikawapigia kelele kutoka barazani. Nilikuwa nacheka na mimi. Na wakati huohuo, nisamehe, nilikuwa nawaza: wakishinda hawa, nitambeba huyu mzee mpaka nife.

Nilipika kahawa wiki ile mpaka birika likabadilika rangi. Loyd alikuwa anasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilikuwa napita," anasema.

"Nimekuona. Umepita mara ngapi?"

"Ah, nilisahau bisibisi mtoni."

"Na jana?"

"Jana nilikwenda kuiweka."

Na bado akawa anasifu akili yake. Aliwaambia wenzake watumie malori makubwa, yale ya magurudumu mengi, eti gurudumu moja moja linaongeza. "Gari dogo ni kama kunong'ona," alisema. "Jimbo ni kiziwi, lipigieni kelele!" Sote tuliona ni maneno ya busara. Hapakuwa na mtu wa kusema ngoja kidogo, jamani, hebu tufikiri. Kumsaidia mtu polepole hatujui.

Bomba likaondolewa. Theluji ikaja, ikakaa, ikaondoka. Nilimnyanyua Dorsey nikamlaza, nikamnyanyua nikamlaza. Mgongo ulianza kunishika hata nikiwa napiga mswaki. Daktari wa Weldon alinitazama mimi badala ya mgonjwa, akasema, "Mama, wewe ndiye ninayekuhofia." Nikamwambia sisi wa huku tumezoea. Nilipotoka chumbani kwake nikalia kwenye choo cha hospitali, nikanawa uso, nikarudi.

Ulipofika wakati wa matope, mhandisi akaja. Aliitwa Bi Pilcher, mwanamke wa makamo, ana buti zenye udongo na sauti ya mtu aliyelala vibaya hotelini. Alikuwa ameomba kuonana na sisi pamoja na Loyd, kwa kuwa mashamba yetu yanapakana. Loyd alikuja na pai aliyoandaa mkewe Twyla, amechana nywele. Tukakaa wote wanne kwenye meza ya jikoni, nikakata pai.

"Nianze na lililo jema," akasema Bi Pilcher. "Mia na Nane hairudishwi kwa kaunti. Inabaki ya jimbo, na lami yake inabaki."

Loyd akapiga meza vijiko vikaruka. "Nilisema! Dorsey, sikukuambia?" Mkono wa Dorsey ukautafuta wangu juu ya meza, ukaushika, ukaubana. Nami nikaubana wake. Ndani yangu kitu kilikaa chini, kama mtu aliyeambiwa basi la mwisho limeondoka. Nikajiambia, haya, Ardith, nyanyua tena.

"Lililobaki ni gumu kidogo," akaendelea. "Barabara hii ina malori mazito mengi kuliko tulivyodhani. Mengi mno. Kwa malori kiasi hicho, sheria haituruhusu kuacha kona kama hii ya kwenu. Lori lililojaa likija kwa kasi hapa siku ya barafu litaua mtu. Itabidi inyooshwe."

"Inyooshwe wapi?" akauliza Loyd.

Bi Pilcher akatazama dirishani, akatazama ukuta wa pili penye jiko. Hakunyoosha kidole, alikuwa na adabu. Lakini macho yake yalitoka dirishani yakapita juu ya pai yakaingia kwenye jiko langu, na huko ndiko barabara ilikopangwa kupita.

"Jimbo litawalipa haki yenu," akasema. "Mtapewa muda. Naomba radhi. Kazi yangu ningeipenda zaidi kama isingekuwa na siku kama hii."

Loyd alikuwa na pai mdomoni na hakuitafuna. Akaja akaimeza kwa shida, uso umemwiva.

"Bibi," akasema, "hayo malori, unajua... sisi hapa..."

"Loyd," akasema Dorsey. "Kula."

"Siwezi kula, Dorsey! Ni mimi niliye..."

"Bwana Haskins," Bi Pilcher akamkatiza upesi. Akaweka kijiko chini. "Nisikilizeni vizuri, kwa sababu mimi si mjinga. Nimeshuka mpaka mtoni leo. Hakuna daraja, hakuna ghala, hakuna gati. Sijui malori yanakwenda kufanya nini kule. Lakini mtu akiniambia lolote kuhusu hesabu ile, itanibidi nitandaze bomba upya, na safari hii nitakaa nalo mwenyewe. Mnajua litakachosema. Nyumba itabaki, na lami itaondoka." Akasimama, akavaa koti. "Nakwenda kukagua kalavati pale chini. Lina nyufa, nitachukua muda. Nikirudi nitauliza kama mna la kusema, halafu sitauliza tena."

Alipofunga mlango, Loyd alisimama akaanza kuzunguka jikoni akigonga vitu. Sijawahi kuona mtu mkubwa kiasi kile akijidharau namna ile.

"Nimekuvunjia nyumba, Dorsey. Mimi na mdomo wangu. Malori makubwa, malori makubwa! Pumbavu zangu!"

"Tulicheka wote," akasema Dorsey.

"Tunamwambia ukweli. Changarawe na ziwe changarawe. Gaylen asipokuja, nitakupeleka mimi. Mara tatu kwa wiki, kwa lori langu, naapa mbele za Mungu. Mimi nikishindwa, ndugu yangu. Ndugu yangu akishindwa, mchungaji. Hutatoka kwenye nyumba hii, Dorsey Krummel, labda nife."

Na alimaanisha. Loyd akiapa, anaapa kweli. Nilimwona Dorsey kwa pembeni akinyanyuka kidogo kitini, uso wake umefunguka. Babu yake, baba yake, miti ile ya tufaha, dirisha lile. Vyote vilikuwa vimerudi mkononi mwake, alibakia kusema neno moja tu.

"Lori lako lina urefu gani mlangoni?" nikauliza.

Wakanigeukia wote wawili. Nadhani walikuwa wamesahau kwamba nipo.

"Si refu sana," akasema Loyd. "Kuna kikanyagio."

"Nani atampandisha?"

"Nitakusaidia, Ardith. Mimi huku, wewe kule, moja mbili tatu, kashapanda."

"Na akirudi? Anarudi amelegea kama nguo mbichi, Loyd, umewahi kumwona? Na wakati wa kupanda mahindi, uko shambani mpaka giza, utaacha? Na matope yakija lori likikwama, tutakaa nalo wapi? Nani atakuwa upande wa pili siku ndugu yako ana homa?"

"Tutafanya mpango," akasema, sauti imepungua.

"Upande wa pili nitakuwa mimi," nikasema. "Siku zote nitakuwa mimi."

Dorsey alinitazama. Sikuweza kuuona uso wake, pale katikati pana ukungu, lakini nilijua. Kwa miaka yote ya ndoa yetu alimwambia kila mtu muulize Ardith, huku akijua nitakalojibu. Safari hii akaniuliza mwenyewe.

"Ardith. Unasemaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la kila siku. Wewe ndiye umesema, mzee. Nililionja. Kisha nikasikia sauti inasema, na ilikuwa yangu, kavu, haina hata upole, "Nataka kuhama."

Loyd akatazama viatu vyake.

"Unataka," akasema Dorsey.

"Nimechoka, Dorsey. Nimechoka na nyumba, nimechoka na ngazi, nimechoka na kona hii na kila Krummel aliyewahi kuijivunia. Nimechoka na wewe. Nakupenda na nimechoka na wewe. Nikisikia unaniita asubuhi natamani nisiamke."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipolala bafuni. Labda kabla."

"Hukusema."

"Wewe uliniuliza?"

"Nilisema muulizeni mama..."

"Uliwaambia waulize wao. Wewe hukuuliza."

Loyd akachukua kofia yake taratibu. "Ngoja nikaangalie hilo kalavati," akasema, akatoka, akafunga mlango kama unavyofunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Tulikaa wawili. Nilitaka kuomba msamaha na nikakataa, kwa kuwa ningeomba, angenisamehe, na yote yangerudi palepale. Nilikusanya sahani. Niliziosha. Dorsey alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza, viganja juu, anaitazama kama kitu alichokiazima. Nilidhani angepiga kelele. Katika ujana wake alikuwa akipiga kelele, halafu anakwenda kupasua kuni. Siku ile kuni hazikuwepo za kupasua, wala mguu wa kusimamia.

"Ungejua nitakataa, ungesema leo hivyohivyo?" akauliza.

"Sijui."

"Mimi najua ningekataa," akasema. "Ungeniambia mwaka jana, ningekataa. Ningekuambia wewe ni mwanamke wa chuma."

Bi Pilcher alirudi na Loyd nyuma yake, wote wawili wamejaa matope magotini. Hakukaa. Akasimama mlangoni na kofia yake ya kazi kwapani.

"Bwana Krummel, kuna la kusema kuhusu hesabu?"

Loyd alishika kiti. Nami nilikuwa nimeshika sahani moja ambayo ilishakauka zamani.

"Hesabu ni sawa," akasema Dorsey. "Malori ni mengi sana hapa. Yanatunyima usingizi. Nyoosheni."

Akamweleza hata mahali pazuri pa kupitisha, penye mwamba na penye chemchemi, ili barabara isididimie. Aliongea kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bi Pilcher alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akanishika na mimi, akaondoka. Loyd alisimama barazani akilia bila kuficha, kisha akapanda lori lake, akaenda kwake.

Dorsey akaomba nimsukume mpaka karibu na dirisha. Nikamsukuma. Akasema hana haja ya kitu. Nikaketi kwenye kiti cha pembeni ya jiko, nimeshika kitambaa cha vyombo, nikasema nipumzike kidogo kabla ya kuanza chakula. Sikumbuki kingine. Nililala, mimi nisiyelala mchana hata nikiwa na homa. Nililala kinywa wazi, jua likahama kutoka upande mmoja wa nyumba likaenda upande wa pili, na sikusikia gari, wala simu, wala kitu chochote duniani.

Nilipoamka jiko lilikuwa baridi. Dorsey alikuwa palepale dirishani, kichwa kimegeukia kwangu. Nikasikia harufu kabla sijaelewa. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka chini, na maji yametiririka yakafika kwenye gurudumu la kiti.

"Dorsey! Yesu wangu! Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa umelala," akasema.

Nikaenda kumletea suruali nyingine.